Nani Aliifungua Ngitili?

Mwanangu, tasnifu yako uliyonisomea jana nimeisikiliza mpaka mwisho. Maneno makubwa unayo, hongera. Ila sikumwona mtu hata mmoja ndani yake, na wewe mwenyewe sikukuona.

Nakumbuka miaka ya hamsini, kwetu Shinyanga, nilipokuwa nasomea ualimu. Mwalimu wetu, mzee asiyecheka ovyo, alikuwa na sharti lake: insha ya kumalizia mafunzo huikabidhi mpaka uwe umewasomea watu wa kwenu, kwa lugha ya kwenu. Asiyefanya hivyo hapati cheti. Nami cheti nilikitaka hasa, maana msichana asiye na cheti wakati ule alikuwa anangoja ng'ombe wa mahari tu.

Niliandika juu ya ngitili, yale malisho tunayoyafunga masika ili mifugo ipate nyasi kiangazi. Likizo ikafika, nikaketi na baba na mama baada ya kukamua, nikaanza kuigeuza insha kwa Kisukuma. Jamani, nilitoka jasho. Sentensi nyingine zilikataa kabisa kugeuka, kwa sababu hazikuwa na kitu ndani. Debe tupu haliachi kuvuma.

Nikafika pale nilipoandika kwamba mwaka wa ukame, usimamizi hafifu ulisababisha vifo vya mifugo.

"Usimamizi wa nani?" mama akauliza. Jibu alikuwa nalo, ila alitaka nilitaje mwenyewe.

Mwangalizi wa ngitili ya ukoo wetu alikuwa baba, na yeye ndiye aliyeifungua kabla ya wakati. Nyasi ziliisha mapema, ng'ombe wa ndugu zake wakafa, na tangu hapo jambo hilo halikutajwa mbele yake. Nilikuwa nimemficha, nikidhani ndiyo heshima.

Baba akasema taratibu, "Ni mimi. Niandike. Andika na sababu: mdogo wako alikuwa anaumwa, maziwa yamekauka, nikashindwa kumtazama, nikaifungua ili ng'ombe watoe maziwa. Usiponiandika, mwingine ataifungua tena."

"Baba, watu watakusoma."

"Si ndiyo maana unaandika?"

Nililia, siwezi kukudanganya. Kisha nikaiandika upya, nikamtia baba, nikajitia na mimi niliyeyanywa maziwa yale pamoja na mdogo wangu. Mdogo wangu alipona. Ng'ombe ndio hivyo tena.

Cheti nilikipata, mwanangu, lakini sikukuita hapa kwa ajili ya cheti. Acha hayo ya "imebainika". Sema nani alibaini, alikuwa amesimama wapi, na jambo lenyewe lilimgusaje. Neno gumu liweke pale tu ambapo jepesi halitoshi. Na kabla hujakabidhi, msomee mmoja wa hao waliomo ndani, huku unamtazama usoni. Utaona aibu kidogo, si neno. Mficha uchi hazai.

Mungu akufungue mkono na akutulize moyo. Na hao unaowaandika, siku watakapojisikia wakisomwa, waweze kusema kama baba yangu: ni mimi.