Chai ya Pakiti ya Kijani

Kwa miaka thelathini na mmoja Mzee Otto Kinunda alipanga madaraja ya kahawa katika kiwanda cha kukoboa kule Mbinga, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kunywa hata kikombe kimoja. Akiulizwa, alijibu kwamba kahawa ni mzigo, siyo kinywaji. Buni aliijua kwa jicho na kwa pua: hii imeoza, hii imetobolewa na mdudu, hii inakwenda Ulaya, hii tutabaki nayo wenyewe. Mtu anayekunywa kitu kinachopakiwa kwenye lori kwa magunia alimwona sawa na mtu anayetafuna mbao.

Alipostaafu alihamia Songea mjini, akajenga nyumba mtaa wa Mfaranyaki, na ukaguzi wake akahama nao. Mkewe Oliva, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Rosemary, aliambiwa kwa upole lakini bila nafasi ya rufaa kwamba kitu chochote cha pakiti kinunuliwe supamaketi. Kule kuna risiti, kuna tarehe ya mwisho wa matumizi, na kuna mtu wa kumlaumu. Sokoni kuna nini? Vumbi na viapo.

"Sawa, Baba Rosemary," alisema Oliva. Tangu hapo kila asubuhi aliweka mezani chupa ya chai, na kando yake pakiti ya kijani yenye picha ya mlima, mume aione. Siku ya kwanza Mzee Otto aliisoma tarehe herufi kwa herufi. Baada ya hapo picha ya mlima ilimtosha. Alikunywa vikombe vyake viwili, akawaambia wageni, "Mnaonja? Ndiyo faida ya kununua mahali penye utaratibu."

Mwezi wa tatu Rosemary akajifungua mtoto wake wa kwanza huko Dar es Salaam, na Oliva akapanda basi kwenda kumwogesha mjukuu. Alisema atakaa miezi mitatu. Alimwachia mumewe unga, maharage, dagaa na maelezo marefu ya namna ya kuwasha jiko. Chai hakuigusia. Wiki ya pili Mzee Otto akaikung'uta ile pakiti, ikatoa unga kidogo tu wa chini.

Haikumsumbua. Alivaa shati la Jumapili, akaenda supamaketi aliyokuwa akiisifu miaka yote bila kuingia zaidi ya mara mbili.

Mlangoni mlinzi alimnyang'anya mfuko wake wa kitambaa, akampa kibao cha plastiki chenye namba. Ndani, rafu aliyoelekezwa kwamba ina chai ilikuwa na nepi za watoto. Chai imehamishwa, alisema binti mmoja, ipo karibu na sabuni. Karibu na sabuni ilikuwapo chai ya kijani, chai ya tangawizi na limau, chai ya usingizi, chai ya kusafisha mwili, na vifuko vidogo vyenye kamba ambavyo Mzee Otto alidhani ni dawa ya panya. Chai ya kunywa tu, ya mtu mwenye kiu, ilikuwa imesukumwa nyuma kabisa, chini, mahali ambapo magoti yake hayakupenda. Aliiona pakiti ya mlima, akaivuta kama aliyempata ndugu msibani. Kaunta walikosa chenji, wakamfidia kwa pipi tatu.

Asubuhi akachemsha. Akaonja. Akaonja tena.

Ilikuwa kama maji yaliyosuuza sufuria ya chai.

Akaongeza majani, ikawa chungu. Akachemsha zaidi, ikapata rangi ya kutu. Akampigia mkewe simu.

"Oliva, hii chai ina nini?"

"Labda umechemsha sana." Oliva akakohoa kidogo. "Au hiyo pakiti ilikaa juani. Nunua nyingine."

Akanunua nyingine. Akanunua na ya tatu. Akajaribu hata vifuko vya kamba, akavichana kwa mkasi kwa kuwa hakuona sababu ya chai kufungwa. Siku moja, kwa kuwa maandishi yalikuwa madogo na miwani ilibaki nyumbani, alinunua ile ya kusafisha mwili. Alikunywa vikombe vyake viwili kama kawaida, na siku hiyo hakutoka nje ya ua mpaka jua likazama.

Kesho yake aliamka na hasira ya haki. Alichukua pakiti mpya na ile ya zamani ya mkewe, akarudi supamaketi, akaomba kuonana na meneja. Meneja alikuwa kijana mwenye tai, anaitwa Valence.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmeichakachua chai."

"Hapana, mzee. Chai ni ileile, kiwanda ni kilekile."

"Kijana, mimi nimekagua ubora tangu hujazaliwa. Mwaka jana chai hii ilikuwa chai. Mwaka huu ni majani ya ufagio. Nusa hapa, kisha nusa hapa."

Valence alionyesha ukutani, palipoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mzee Otto akasema hakuja kurudisha mali, amekuja kurudisha ukweli. Foleni ya watu wenye vikapu ikasimama kumsikiliza, naye, kwa kuwa tangu astaafu hakuwa amepata hadhira ya namna ile, akawaeleza juu ya uaminifu katika biashara, juu ya Mbinga ya zamani, na juu ya mkewe ambaye kwa miaka mingi hajapata kununua chai mahali pengine.

Msichana wa kaunta, Leticia, alinyoosha mkono, akaichukua ile pakiti ya zamani, akanusa.

"Baba, hii ina mchaichai," alisema. "Na iliki. Sisi hatuuzi hii. Hii ni chai ya kupima ya Bi Mwanne, nyuma ya soko. Hata mama yangu anainunua."

Valence naye akaigeuza pakiti, akaisogeza kwenye mwanga. "Halafu, mzee, samahani. Hii muda wake uliisha miaka minne iliyopita."

Foleni nzima ikacheka. Mzee Otto alizipokea pakiti zake mbili, akasahau mfuko wake kwa mlinzi, akatoka.

Nyuma ya soko alimkuta mwanamke wa makamo, mtu wa Tunduru, ameketi kati ya madebe ya viungo na majani ya chai, na pembeni yake birika la kahawa juu ya mkaa. Alipoiona ile pakiti ya kijani mkononi mwa mgeni, akapiga makofi.

"Aa! Pakiti ya Mama Rosemary! Nimeijaza mpaka kona zimechakaa. Baba, wewe nani kwake?"

"Jirani," alisema Mzee Otto.

"Karibu, jirani. Yule mama ana mume wa supamaketi, Mwenyezi Mungu ampe maisha marefu. Hataki chai ya sokoni. Basi mimi namchanganyia mama, tunaitia humu, mzee anafurahi, na dhambi tunagawana. Akiwapo mjini, kila saa kumi jioni anakuja, anakaa kwenye benchi hilo, anakunywa kahawa yake, anacheka weee, anarudi kwake."

"Anakunywa nini?"

"Kahawa. Chungu, bila sukari. Anasema kwake kahawa haitajwi, kama jina la marehemu."

Mzee Otto akakaa kwenye benchi. Chai haikumuuma tena. Kilichomuuma ni ile saa nzima ya kila jioni, miaka nenda rudi, ambayo mkewe alicheka mahali asipokuwapo yeye. Alijaribu kukumbuka kama nyumbani alikuwa akicheka hivyo. Akaacha kukumbuka.

Bi Mwanne alimwekea kikombe kidogo mkononi bila kumwuliza. Alikinusa kwa mazoea tu. Buni ya milimani, daraja la pili, ya msimu huu.

"Umeikaanga ikapita kidogo," alisema.

"Kumbe jirani unaijua kahawa!"

"Naijua kwa nje."

Kisha akanywa. Akanyoosha kikombe, akaongezewa.

Jioni Oliva alipiga simu. "Umepata chai?"

"Nimepata."

"Wapi?"

"Supamaketi. Kumbe nilikuwa sichemshi vizuri."

"Nilikwambia," alisema Oliva.

"Uliniambia."

Tangu hapo, kila saa nne asubuhi, jirani wa Mama Rosemary alikuwa kwenye benchi. Alimfundisha Bi Mwanne kuchagua buni na kuiepua kwenye moto mapema, na kufika mwezi wa sita wateja wa kahawa walikuwa wamezidi wa chai. Oliva aliporudi, siku ya pili tu alikwenda saa kumi kama desturi yake, akaonja, akashangaa.

"Nani amekufundisha kukaanga?"

"Jirani yako, yule mzee mrefu wa miwani. Anaongea kama hakimu."

Oliva alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanga. Nyumbani hakusema neno. Lakini Jumamosi aliamua kwenda asubuhi, akamkuta mtu wake amejiinamia juu ya ungo, anachambua punje mbovu huku akinung'unika.

"Habari za asubuhi, jirani," alisema.

Mzee Otto aliinua kichwa, akamtazama, kisha akasogea kumpisha. Bi Mwanne aliwatazama wote wawili kwa zamu, akashika mdomo, halafu akamimina vikombe viwili. Ubishi ulioanza pale, wa nani alianza kumdanganya nani, ulikwenda mpaka adhuhuri, na wateja wengine walikataa kuondoka kabla haujaisha.