Sauti Yangu Ilibaki Redioni

Mpaka leo nikimwona mwanamume mwenye simu mbili kiunoni, nanuna. Sina sababu ya kuficha. Nilimjua mmoja, miaka ile redio za watu binafsi zilipoanza kuchipuka, na huyo mmoja alitosha kunitia chuki na kundi zima.

Kipindi kilikuwa changu. Kilihusu kompyuta, simu za mkononi na watu waliojaribu kufungua biashara zao baada ya mashirika ya umma kuwapunguza kazini. Nilimwomba mwenye redio nafasi ya Jumamosi asubuhi, saa ambayo alikuwa akipiga muziki tu, akanipa akidhani nitachoka mapema. Sikuchoka. Nilizunguka na kinasa sauti begani. Niliingia karakana za Kizota nikarekodi mafundi wakizungumza huku nyundo zikigonga, na nikapanda treni hadi Gulwe kumhoji mwalimu aliyechaji betri za kijiji kizima kwa paneli moja ya jua. Nilikula huku natembea. Mchumba wangu alichoka kunisubiri akaoa mwingine, na siku ya harusi yake nilikuwa na mahojiano mawili, kwa hiyo hata kuumia sikupata nafasi.

Jingo, yaani ule mlio wa kufungulia kipindi, niliitengeneza na fundi mitambo. Ilianza ngoma kidogo, halafu sauti yangu: "Karibu, ni mimi, na ninayokuletea leo nimeyaona kwa macho yangu." Watu walinisalimia kwa maneno hayo sokoni. Baba yangu, aliyekuwa na duka la rejareja alilorithi kwa baba yake, aliweka redio juu ya kaunta na kuwanyamazisha wateja kipindi kikianza. Aliyetaka chumvi alisubiri.

Halafu akaja mpwa wa mwenye redio, ametoka Ulaya alikosoma sijui nini. Yeye alimwita mjasiriamali kila mtu aliyekutana naye, hata mlinzi wa lango. Simu zake zote mbili alizipeleka juu ya ngazi kutafutia mtandao, akashuka anajifuta jasho kama mtu aliyetoka kuongea na dunia nzima. Siku ya pili tu aliniuliza, "Sista, mafundi wa kuchomelea na teknolojia wapi na wapi? Tunataka watu wakubwa." Muda si mrefu mjomba wake akaniita ofisini.

"Pumzika kidogo, mwanangu," aliniambia. "Umetusaidia sana."

Nilipoingia nilikuwa nimempa shikamoo yake. Nilipotoka sikumuaga.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa dukani kwa baba nikipima sukari. Ngoma yangu ikalia redioni, ikafuata sauti yangu, "Karibu, ni mimi," na baada yangu akaingia yule mpwa. Wasikilizaji hawakuwa wameambiwa chochote. Baba alinitazama mimi, akaitazama redio, akanitazama tena.

"Hii ni nini?"

"Ni kaseti, baba."

"Kwa hiyo wanasema uongo kwa mdomo wako."

Hilo peke yake pengine ningelimeza, nikamwona mpuuzi na basi. Lakini yule bwana alifungua chuo cha kompyuta Kizota, ndani ya ghala, akawa anakitangaza kila wiki mara tu sauti yangu inapomaliza. Siku moja mama mmoja wa Mkonze alikuja dukani na binti yake. Akaweka juu ya kaunta kipande cha boksi kilichochorwa vibonye vya kompyuta kwa kalamu ya wino.

"Ndicho wanachojifunzia," alisema. "Mwezi wa tatu huu mtoto anabonyeza boksi. Kompyuta zenyewe wanasema ziko bandarini. Nilimpeleka kwa ajili yako. Wewe si ndiye unayesema umeona kwa macho yako? Nilikukosea nini?"

Nilimweleza habari ya kaseti. Alinisikiliza kwa heshima, ila nilimwona haniamini, na ningekuwa yeye nisingeamini pia. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa kufukuzwa. Jina langu ndilo kitu pekee nilichokuwa nimekichuma kwenye kazi ile, na wao walikuwa wakilitumia kuwachezea watu.

Nikaenda kwa bosi kudai sauti yangu itolewe. Akasema nimeirekodi kwa mitambo yake, kwenye kaseti yake, kwa hiyo ni yake. Mpwa alikuwa amekaa pembeni ananitolea meno.

"Sista, hiyo sauti ni brand, ni chapa yetu. Watu wanaiamini."

"Ndiyo maana naitaka," nikamwambia, nikaondoka kabla sijamtukana.

Jumamosi nilirudi. Mlinzi alinifungulia lango anacheka, "Dada, leo umechelewa!" Naye hakuwa ameambiwa. Alinisikia kila wiki kama wengine, kwa hiyo uongo wao wenyewe ndio ulionipitisha. Fundi mitambo aliniona kupitia kioo, akainamia mashine zake kama mtu asiyeona kitu, na namshukuru hadi leo. Jingo ilipoisha niliingia studio nikavuta kipaza sauti kilichokuwa mbele ya mpwa.

"Sikilizeni, leo nimekuja mwenyewe," nilisema. "Hiyo mliyoisikia ni kaseti. Mimi niliondolewa hapa. Kile chuo cha Kizota sijawahi kukanyaga, na wanafundisha kwa maboksi."

Mpwa akaninyang'anya kipaza sauti. Akacheka, "Dada yetu na utani wake!" na muziki ukapigwa. Mlinzi ndiye aliyeitwa kunitoa. Alinishikia mkoba mpaka barabarani, maskini, anaomba radhi njia nzima.

Wiki ile nilitembea kichwa juu. Jumamosi duka lilijaa, nikasikia ngoma ikianza, na baada ya ngoma nikajisikia mwenyewe: "Sikilizeni, leo nimekuja mwenyewe." Ngoma tena. Kisha yeye, anawasalimu wajasiriamali wote wa kanda ya kati. Walikuwa wamekata maneno hayo tu, na yaliyobaki wameyatupa.

"Kumbe wamekurudisha!" mteja mmoja akapiga makofi. "Hongera!"

Nilikuwa nimeshika jiwe la mizani mkononi. Kama ningemfikia yule mtu siku ile, sijui ningemfanya nini. Baba alinyoosha mkono akaizima redio.

"Huyo wa redioni simjui," alimwambia mteja. "Binti yangu ndiye huyu anayekupimia sukari. Una mtu wako kwenye kile chuo?"

"Mdogo wangu."

"Basi muulize huyu binti habari za chuo."

Mteja alisogea kwenye kaunta, akaniuliza. Nikamjibu kwa sauti ya kufika barazani, bila adabu hata kidogo. Kisha aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni naye akaniuliza.