Benchi la Mlangoni

Jumamosi ile mama alibeba begi la nguo zetu hadi kwenye mkutano wa watu waliokuwa wakijaribu kuacha pombe. Njiani aliniambia jambo moja tu: baba akikaa tena kwenye benchi la mlangoni, tungetoka hapo moja kwa moja hadi kwa nyanya, Molo.

Walikutana katika darasa la chekechea nyuma ya kanisa, pale Gilgil, na sisi jamaa zao tuliruhusiwa kukaa ukutani. Chumba kilinuka chaki, vumbi na chai iliyochemka kupita kiasi. Sharti lilikuwa kwamba hakuna anayemnusa mwenzake. Aliyekunywa wiki hiyo alijipeleka mwenyewe kwenye benchi la mlangoni, akasikiliza bila kusema neno. Waliojizuia walikaa mbele na kuzungumza. Baba alikuwa akikaa mlangoni tangu mvua zilipoisha.

Siku hiyo aliingia amechelewa, akitafuna tangawizi mbichi. Wote mle ndani waliwahi kutafuna tangawizi ili wake zao wasinuse pombe, kwa hiyo mazungumzo yalikatika. Mtu mmoja akamuuliza, "Boss, hiyo tangawizi ni ya chai ama ni ya bibi?" Watu wakacheka. Baba alisema ana kikohozi, ni hili vumbi. Na kweli usiku nilimsikia akikohoa. Kiprono, dereva wa malori wa zamani aliyeongoza mkutano, hakucheka.

"Njoroge, kaa mahali unajua ni pako."

Baba akasimama katikati ya mabenchi. Nilimtazama mama, alikuwa ameuzungusha mkanda wa begi mkononi na kuukaza. Baba alitazama mlango, akatutazama sisi, kisha akaenda mbele.

"Naitwa Njoroge," akasema, "na wiki hii sijaonja."

Hakuna aliyempinga. Mama akaufungua mkanda mkononi, halafu akalisukuma begi chini ya kiti kwa mguu. Jioni tulirudi nyumbani sote.

Siku hizi darasa lile lina vigae, na baba, kichwa kimejaa mvi, ndiye anayechemsha chai ya mkutano. Tangawizi haweki. Ya siku ile sijawahi kumuuliza, wala mama hayagusi. Mwezi jana nilienda kuwasalimu, na nilipokuwa nikifagia chumba chao nikalivuta begi lile kutoka chini ya kitanda, upande wa mama. Bado lilikuwa zito kwa nguo.