Mgongo wa Masanja

Sabina, mzaliwa wa Ilula, ni mwoga na hajawahi kuuficha woga wake. Ni nesi wa siku nyingi katika kituo kimoja cha afya huko Ubaruku, lakini mtoto aliyeungua humtisha kuliko mgonjwa yeyote. Ukikosea ukubwa wa kidonda, umekosea na maji ya dripu. Maji yakipungua mwilini, figo hushindwa, na mtoto anakufa mikononi mwako.

Mchana ule Mbuke, mfugaji wa Kisukuma, alimleta mwanawe Masanja, mtoto wa miaka mitatu, aliyemwagikiwa uji wa moto. Alikuwa amempaka samli kifua kizima, kama wafanyavyo kwao, akampakata kwa nguvu, mgongo wa mtoto ukimwegemea tumboni. Sabina akaifuta samli taratibu, akakadiria kidonda kwa ukubwa wa kiganja cha mtoto mwenyewe, akatundika dripu.

"Si kikubwa sana, mama. Atalala hapa hapa."

Alipokuwa akinawa mikono, likamjia neno la chuoni: planimetria, kupima eneo la kidonda. Mwalimu Kasian, mtu wa masihara, aliwaambia limeungwa kwa lugha mbili: Kilatini kinasema bapa, Kigiriki kinasema kupima. "Waliolitunga walipima michoro mezani," alisema. "Haya, nionyesheni mtu aliye bapa!" Darasa zima lilicheka.

Sabina hakucheka sasa. Mtoto hakuwa amegeuzwa.

"Mama, hebu mwinue."

"Nesi, atalia."

"Na alie!"

Uji ulikuwa umepita kwapani, ukateremka mgongoni hadi kiunoni. Sabina alikuwa amekadiria kidogo mno. Akajilaani, akaongeza dripu, akaita gari la wagonjwa la kwenda Mbeya, na yeye mwenyewe akapanda.

Njia nzima roho juu juu. Alimpakata Masanja kwa ubavu, akipapasa kanga iliyokunjwa chini yake, maana mkojo ndio ungesema kama maji yametosha. Igawa, kavu. Chimala, kavu bado. Pembeni, Mbuke alikuwa akimpepea mwanawe kwa mkono.

Walipokaribia Igurusi, akahisi majimaji ya uvuguvugu yakimlowanisha mapajani, sare yote.

"Jamani nesi, amekukojolea! Nisamehe!" Mbuke akahangaika kumfuta.

"Mwache," Sabina alisema, analia waziwazi. "Mwache akojoe, mama."