Gumba la Fridolin

Fridolin wa Lipangalala alikuwa akiringia kidole gumba cha mkono wa kulia. Mzungu mmoja mpima barabara, ambaye Fridolin alikuwa akimwendeshea mtumbwi mtoni Kilombero, alipohamishwa mwaka 1955 alimwachia ufito wake wa kuvulia, wenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, pamoja na visamaki vitatu vya bati vya kudanganyia samaki. Vyepesi hivyo, loo, ukivipuliza vinaanguka!

Wavuvi wenzake walijaribu wakashindwa. Ukirusha, kisamaki chepesi huchoka upesi hewani, lakini kigurudumu kinaendelea kuzunguka na kumwaga mshipi, mara vurugu tupu. Wa kukituliza ni gumba tu. Likikandamiza mno, kisamaki kinaanguka miguuni pako. Likichelewa, utakaa kutwa unafumua mafundo. Fridolin alikigusa kidogo tu, kama mama anayepima joto la uji wa mtoto.

"Gumba langu lina akili kukushinda wewe," alimtania shemeji yake Marselino, mdogo wa mkewe Aurelia, ambaye alivua naye katika mtumbwi mmoja.

"Basi lioe, mimi nimrudishe dada yangu nyumbani."

Asubuhi moja ya Juni 1958, mshipi ulimvurugikia mara ya kwanza. Marselino akacheka hadi mtumbwi ukayumba. Fridolin akafumua, akarusha, ukavurugika tena. Akalaumu mafuta ya cherehani aliyokipaka kigurudumu. Akalaumu upepo, na upepo wenyewe haukuwapo! Mara ya sita Marselino akaacha kucheka.

"Shemeji, damu."

Kigurudumu kilikuwa kimelichuna gumba ngozi yote ya juu. Fridolin alilitazama kama la mtu mwingine. Akachukua ndoana, akajichoma. Hakuna kitu. Ndipo alipolikumbuka lile doa la begani, ambalo tangu Krismasi alikuwa akijidanganya kuwa ni mba.

Marselino alijua. Mama yao, yeye na Aurelia, alianza hivyohivyo. Akapelekwa kambi ya wakoma, akafia huko.

"Siku hizi kuna vidonge, shemeji."

"Hata mama yenu mliambiwa atarudi. Usimwambie dada yako, nakuomba. Mimi siwezi kuondoka nyumbani kwangu."

Marselino alishika pondo, akausukuma mtumbwi kurudi, na samaki hata mmoja hawakuwa naye.

Nyumbani Aurelia aliweka sinia la wali katikati ya mkeka, kama siku zote, wale pamoja. Akaona kitambaa kwenye gumba.

"Umefanyaje?"

"Nimejikata kidogo. Hata haliumi."

Eh, mtu na mdomo wake! Aurelia alimtazama, kisha akamtazama ndugu yake, aliyeinamisha kichwa. Akasogea karibu, akakifungua kile kitambaa taratibu.

"Fumba macho, mume wangu. Nikikugusa, niambie."

Fridolin akafumba. Akangoja. Alitega mwili mzima, hakupata chochote. Alifikiri, hawezi kukaa kimya muda wote huu, lazima keshanigusa.

"Sasa," akasema. "Hapo. Nasikia kabisa."

Alipofumbua macho, mikono ya Aurelia ilikuwa imetulia mapajani mwake mwenyewe, na machozi yalikuwa yakimtiririka. Kisha akainuka, akaenda kuleta sahani ya kumtengea mumewe.