Nilijipa utani na Wasukuma nikiwa field Ruangwa, mwanafunzi wangu akaacha kuja shule

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Hii sijasimuliwa, imenikuta mwenyewe, na naileta bila kujipaka poda. Kuna sehemu mtaniona bwege. Ni kweli nilikuwa bwege.

Nasoma ualimu hapa Nachingwea, mwaka wa mwisho. Mchana lesson plan, jioni clip za kuchekesha. Mama yangu kule Lionja anaamini simu ndiyo itanifelisha. Mkufunzi wangu naye alishaniambia, "Wewe, field ndiyo itakuamua." Yaani nikiboronga huko, cheti nitakisikia kwa wenzangu.

Nikapangiwa mazoezi ya kufundisha shule moja ya msingi, kijijini huko Ruangwa. Darasa la tano, hisabati.

Sasa kwa wasioijua kusini: mimi Mmwera, na sisi na Wamakonde tunataniana hatari. Mmakonde anakuja msibani kwetu, anakalia jembe, anasema hapa hazikwi mtu mpaka nipewe kuku. Watu wanalia huku wanacheka. Nimekulia humo, kwa hiyo kichwani mwangu kabila lolote nikilitania ni halali.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Miaka hii wamehamia wafugaji wa Kisukuma na ng'ombe wao. Nikaona content si hii hapa! Nikavaa shuka, kofia, fimbo mkononi, nikaigiza Msukuma anayenunua redio dukani. Kwanza anaisalimia. Anaiuliza watoto hawajambo. Anaizunguka akitafuta meno yake, ajue ina umri gani, kama ng'ombe.

Wakuu, ile clip ilitembea. Bodaboda wananipigia honi. Naingia darasani nimenyanyua kola.

Wiki iliyofuata, Kabula hayupo.

Kabula ni binti wa Kisukuma, peke yake darasani, na kwenye hisabati anawaburuza wote. Siku ya kwanza nikajua ni malaria. Siku ya tatu nikauliza. Darasa zima likaangua kicheko: "Salimia Redio kagoma!"

Ndilo jina walilompa. Clip ilishafika majumbani, na mtoto alikuwa akiitwa hivyo tangu anaingia shuleni mpaka anatoka. Nilijisikia vibaya sana, sifichi.

Mwalimu mkuu, mama asiye na kona kona, akaniita ofisini. "Mkufunzi wako anakuja Ijumaa. Mtoto asipokuwa darasani, nitamwambia ni kwa nini."

Hiyo ni Jumatano.

Nikaazima baiskeli nikaenda kwao. Njia nzima natunga namna ya kumchekesha baba yake ili hasira zimwishe. Akili zangu ndizo hizo.

Nikamkuta zizini anamtia ndama dawa. Nikaanza, "Mzee, unajua ule ulikuwa utani tu..."

"Utani?" Akamwachia ndama. "Mwalimu, sisi watani wetu tunawajua. Wakija kwangu wananisema, nikienda kwao nawasema. Wewe nilikusema lini?"

Nilikuja na mistari mitano, yote ikayeyuka. Ikabaki samahani peke yake, nikaitoa.

Akamkamata tena ndama. "Samahani nimeipokea. Lakini utani una zamu. Kesho nakuja kuchukua yangu."

Kesho yake asubuhi, watoto wako mstarini, huyo hapo. Kabula nyuma yake kainama. Akaomba dakika tano kwa mwalimu mkuu, akapewa. Akanikabidhi fimbo nimshikie.

Halafu akawa mimi.

Akatembea kwa kudunda. Akaandika hesabu hewani, akarudi nyuma kuitazama, akanyanyua kola. Akatoa gunzi mfukoni, hiyo ndiyo simu, akajirekodi anatabasamu. Akageukia ubao wake wa hewani, akaona kakosea, akafuta kwa kiwiko haraka haraka huku akichungulia kama kuna aliyemwona.

Shule nzima chini. Mwalimu mkuu kajifunika mtandio. Mzee mwenyewe uso mkavu kabisa. Yule mtu ananizidi comedy, inauma lakini ndiyo hivyo.

Kabula akashindwa kuvumilia: "Baba, kola anashika kwa mikono miwili!"

Baba akarudia, mikono miwili. Hapo na mimi nikacheka mpaka machozi.

Nikamwomba arudie nimrekodi, turushe mtandaoni. Akakataa. "Yako wameiona watu wasionijua. Hii yangu wacha waione wanaokujua, halafu ukae nao."

Ijumaa mkufunzi akamkuta Kabula ubaoni. Field nimepita.

Ila kukaa nao nilikaa. Nikawa Mwalimu Kola. Sokoni Kola, kisimani Kola, ofisini Kola. Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya nne ikaanza kuwasha. Siku ya sita nikaamua kupita nyuma, katikati ya mikorosho, nisionane na mtu.

Nikamkuta Kabula anakuja kwa njia hiyo hiyo. Akasimama, akanishangaa.

"Shikamoo mwalimu. Na wewe umeshaijua hii njia?"

Tukaongozana hadi shule.

Clip nilishaifuta. Kuchekesha sijaacha, ila sasa nikitaka kumwigiza mtu namfuata kwanza, na akiwa na lake juu yangu, analitoa mbele ya watu wale wale.

Mliowahi kupita njia ya nyuma kwa sababu ya jina mlilopewa, tiririkeni hapa. Hatucheki.

Haya, tutacheka kidogo.