Mbuzi wa Dereva Wangu

Lori lilikuwa moja tu, na ndilo lililotulisha mimi na wanangu tangu nifiwe na mume wangu. Lilibeba unga na mafuta kutoka Lodwar hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Dereva wangu, Mturkana, alizijua laga zote za njia hiyo, mito mikavu inayofurika ghafla. Alipoanza kazi alikataa kulipwa noti tupu. Alikuwa anaoa Lokitaung, na wakwe zake walitaka mifugo. Basi kila mwisho wa mwezi nilimpa pesa kiasi na mbuzi juu yake, mbuzi hao wakienda moja kwa moja kwa baba mkwe. Kukata kodi? Mbuzi utamkata wapi, mguu?

Mwaka 2013 nikaomba zabuni kubwa ya kambini. Wenye zabuni wakauliza mishahara, nami nikaeleza kila kitu, hadi mbuzi. Mjinga mimi. Haukupita muda karatasi zile zikafika ofisi ya kodi, nikaitwa.

"Mshahara ni mshahara, mama, hata ukiwa na pembe," afisa alisema bila kuniangalia. "Kukata kodi ilikuwa kazi yako, si yake. Sasa deni ni lako, na faini juu. Usipolipa, dalali atachukua lori."

Nilikopa kanisani, nikakopa kwa muuza duka Msomali wa Kakuma, wapi. Usingizi ukanihama. Mwishowe nikamwendea dereva.

"Hii ni kodi yako, baba. Nisaidie hata kidogo."

"Mama, mbuzi ni ya mkwe sasa. Nirudishe bibi?"

Nilimtukana, Mungu anisamehe. Aliomba lori aende Lokitaung, nikampa, maana hata mzigo wa kubeba haukuwepo.

Alirudi siku ile ile dalali alipokuja. Alishuka mbele ya ofisi ya kodi, nilipokuwa nikimsihi dalali, akivuta mbuzi mmoja, beberu mwekundu niliyemnunua mwenyewe.

"Mkwe amekubali kurudisha huyu," alisema, akinipa kamba.

"Na mkeo?"

"Amebaki huko, mpaka mbuzi irudi."

Afisa alitoka, akatazama, akatikisa kichwa. "Hapa hatupokei mbuzi."

Hawapokei, lakini kumhesabu walijua! Nililia pale mlangoni bila haya, huku dalali akiliwasha lori na kuondoka nalo.

Nilimrudishia dereva kamba. "Mpeleke huyu leo hii, umchukue mkeo."

Alitazama vumbi barabarani.

"Na lori gani, mama?"